Ephraïm Anangoja Printemps

Ephraïm alikufa tarehe kumi na nne ya mwezi wa kwanza, na mwezi wa tano ulipoingia alikuwa bado hajazikwa. Sisemi alipotea, wala sisemi maiti yake haikujulikana ilipo. Ilijulikana vizuri sana. Ilikuwa ndani ya sanduku, kwenye chumba cha matofali nyuma ya kanisa moja, katika mji mdogo wa kaskazini mwa Canada, ikingoja udongo ukubali kuchimbwa. Mtu mzima wa miaka thelathini na tisa, mtoto wa mkulima, anakosa shimo! Haya, nani kati yenu alishasikia jambo kama hilo?

Dada yake Bénédicte ndiye aliyepata habari kwanza, hapa Bunia, kwenye mtaa wao, kartie ya Saio. Bénédicte ni mwalimu wa jografia. Wanafunzi wanamwita Madame Béné, na wanamuogopa kidogo, kwa sababu hapendi kuulizwa swali mara mbili. Anakaa nyumba ya vyumba viwili pamoja na watoto wake wawili na mama yake, Mama Anastasie, aliyekimbia Djugu miaka sita iliyopita na kitenge kimoja mwilini na jembe moja mkononi. Nyumba, mbuzi, mashamba ya kilimani, vyote vilibaki kwa wale waliochoma kijiji. Mume wa Bénédicte alifuata dhahabu Mongbwalu, na dhahabu ikampendeza kuliko watoto. Ephraïm naye alivuka ziwa, akaingia kambi ya wakimbizi Uganda, na kutoka kambini akachukuliwa yeye na mke wake Carine, wakapelekwa kule kwenye baridi.

Aliyepiga simu ni Carine, ambaye humwita wifi yake yaya, dada mkubwa. Alisema theluji ilianguka siku mbili bila kupumzika, na asubuhi Ephraïm akatoka na pelle, lile koleo pana, kuiondoa mlangoni ili apate njia ya kwenda kazini. Alichota, akatupa, akachota, akatupa, kisha akakaa chini.

"Alikaa tu chini, yaya Béné," Carine alisema. "Niliona mu dirisha, nikafikiri anapumuzika. Nikaendelea kupika chai."

Sasa nisikilizeni vizuri juu ya desturi ya kwao Djugu, maana bila hiyo hamtaelewa hasira yote iliyofuata. Kwao, tangu mtu afe mpaka azikwe, hakuna mtu wa nyumba yake anayegusa jembe. Udongo wa kwanza kufunguliwa ni wa marehemu. Mama mzazi ndiye anayebanwa zaidi: analala chini kwenye mkeka, hafanyi kazi ya shamba, hapandi hata kitunguu nyuma ya jiko. Atakayepanda kabla ya hapo amemruka maiti wake, na ndugu hawatakula naye sahani moja tena. Siku zote hilo halikusumbua mtu. Mtu anakufa Jumanne, anazikwa Alhamisi, Ijumaa watu wako shambani. Waliotengeneza desturi hiyo hawakuwahi kuona udongo unaomkatalia mtu.

Siku ya nne ya kilio, watu wakiwa bado wamejaa uani, Mama Anastasie aliuliza: "Wanamuzika siku gani?"

Bénédicte akampigia Carine, akaongeza sauti ya simu ili wote wasikie.

"Mama, hawawezi," Carine akasema. "Udongo imekuwa jiwe. Makaburi ya parokia imefungwa, njia yake imejaa teluji, ata mashine haiingie. Padiri anasema tungoje printemps."

"Jiwe namna gani?" Mama Anastasie akauliza. "Wamejenga ju yake?"

"Ni baridi, mama. Maji yenye iko ndani ya udongo inaganda."

"Na watu wa kule wanakufaka wakati gani?"

"Wakati yote, mama. Wanangojaka."

Mama Anastasie akacheka, kicheko kile cha kukwaruza koo. "Aka! Watu wanapeleka mutu ku mwezi, shimo ya mutoto wangu inawashinda?" Kisha akamgeukia binti yake. "Béné, weye ulisoma. Printemps ni nini?"

Hapo ndipo Bénédicte alipoponzwa na masomo yake. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amefundisha somo hilo hilo kutoka kitabu kile kile, kitabu chenye jalada lililobandikwa kwa gundi mara tatu: nchi za hali ya hewa ya wastani na majira yake manne. Kila mwaka aliwachoresha watoto miti minne ubaoni. Mti wa hiver, matawi matupu. Mti wa printemps, maua. Mti wa été, majani tele. Mti wa automne, majani mekundu yanaanguka. Watoto wa Bunia ambao kitabu chao hakina hata ukurasa mmoja juu ya mvua yao wenyewe walikuwa wanajua kwa kichwa siku ambayo majani yanaota Ulaya na Canada. Na chini ya kila mti, tarehe.

"Ni saison yenye inafuata baridi, mama," alisema, na sauti yake ikawa ile ya darasani. "Teluji inayeyuka, maua inatoka, watu wanalima. Inaanza le vingt et un mars. Tarehe makumi mbili na moja, mwezi wa tatu."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka. Haigeukake."

Watu uani wakatikisa vichwa kwa heshima. Hata Baba Fabien, mdogo wa marehemu baba yao, katekista ambaye hapendi kukubali jambo alilolisema mwanamke, alitoa kalenda ya parokia mfukoni akatia alama tarehe hiyo. "Basi ni mazishi ya tarehe makumi mbili na moja," alisema. "Tutakusanyika hapa, wale watachimba kule, siye tutaimba. Siku inayofuata Anastasie anakamata jembe."

Na jembe hilo ndilo lilikuwa shida yenyewe. Baada ya miaka sita ya kununua unga kwa kikombe, Mama Anastasie alikuwa amepata shamba. Mtu mmoja wa Marabo aitwaye Katsuva, mwenye mashamba makubwa kuelekea msituni, alikubali kumwachia kipande, mavuno wagawane nusu kwa nusu. Alimpa sharti moja tu: mwezi wa tatu usiishe udongo haujafunguliwa na mbegu haiko ndani. Wakimbizi wanaoomba shamba Marabo ni wengi kuliko mashamba, na Katsuva si mtu mbaya, lakini si mtakatifu pia. Mama Anastasie alikuwa ameshachagua mbegu, mahindi meupe na maharagi, akazifunga kwenye matambara mawili akazilalia kichwani. Mwalimu hapa analipwa siku serikali ikikumbuka. Shamba lile ndilo lilikuwa chakula cha nyumba ile kwa mwaka mzima.

Bénédicte alipiga hesabu ya siku, akaona inatosha. Tarehe ishirini na moja wanazika, ishirini na mbili mama yuko Marabo, siku kumi zinabaki. Alijisikia ameokoa kitu. Je, alimuuliza Carine kama tarehe ni hiyo kweli? Hakumuuliza. Carine alisema printemps, na printemps ilikuwa mali ya Bénédicte. Angemuuliza vipi mke wa mdogo wake, mwanamke aliyeachia shule darasa la sita pale Mahagi, jambo ambalo yeye amelifundisha miaka kumi na moja? Kiburi cha mwalimu ni kitu kibaya sana, na cha kwake kilikuwa kimeiva.

Majirani wakaondoka mmoja mmoja. Kilio cha siku tatu kina watu, kina kahawa, kina nyimbo. Kilio cha miezi miwili kinabaki na wenyewe. Mwezi wa pili, Mama Anastasie alikuwa peke yake kwenye mkeka wake, miguu imenyooka, vumbi la ukame likiingia mlangoni. Waliopita njiani walianza kuuliza kwa sauti ya chini kama kweli kuna maiti, au familia hii inacheza mchezo gani. Mwanamke mmoja wa kwaya alisema eti labda Ephraïm aliuawa kwa mambo mabaya ndiyo maana serikali ya kule inamficha. Bénédicte alimfuata mpaka sokoni akamtukana mbele ya mihogo yake.

Tarehe tisa ya mwezi wa tatu mvua ya kwanza ikaja. Ilikuja alasiri, kwa fujo, ikapiga mabati mpaka watu ndani ya nyumba wakawa wanaongea kwa mikono. Ilipokoma, harufu ya udongo uliolowa ikajaa mtaa mzima. Kesho yake alfajiri Mama Anastasie alikuwa amekaa mlangoni anatazama wanawake wa Saio wakipita na majembe begani.

"Inabaki siku ngapi?" aliuliza.

"Kumi na moja, mama."

"Mvua haijuake tarehe yako."

"Itangoja, mama. Ndiyo inaanza tu."

"Sikusema mvua itakimbia. Nasema haijue."

Na kila asubuhi akauliza tena. Tisa. Saba. Nne. Bénédicte alijibu kila mara bila kutetemeka, na alipokwenda kazini aliona mbegu zile kwenye matambara yake, na moyo ukawa unamuuma kwa furaha mbaya kwamba kungoja huko kunakaribia kwisha.

Tarehe ishirini na moja iliangukia Jumamosi. Baba Fabien alikuja na watu wa kwaya, majirani waliokuwa wamepotea wakarudi, kwa sababu mazishi ni mazishi. Walipika sufuria mbili za wali na moja ya sombe, majani ya mihogo. Waliweka meza uani, kitambaa cheupe juu yake, na picha ya Ephraïm akiwa amevaa koti nene linalomfanya aonekane mnene. Mama Anastasie alioga, akavaa kitenge cheusi, akakaa mbele. Saa tisa alasiri, huko Canada kukiwa asubuhi, Bénédicte akapiga simu ya picha, akaisimamisha juu ya meza wote waone.

Carine akatokea, nywele zimevurugika, kanga ya kulalia mabegani. Akaona umati. Akashika mdomo.

"Yesu! Nani tena amekufa?"

Baba Fabien akakohoa. "Mwanangu, siye tuko tayari. Nyiye muko ku makaburi saa ngapi?"

"Makaburi gani, baba?"

"Ni leo printemps," Bénédicte akasema. "Le vingt et un mars."

Carine hakucheka, na Mungu ambariki kwa hilo. Aliondoka mbele ya simu, wakasikia anavuta pazia, kisha akaigeuza simu kuelekea dirishani. Kulikuwa na uwanja mweupe, mweupe mpaka mwisho, na uzio ambao vichwa vya nguzo tu ndivyo vilivyoonekana. Mti mmoja ulisimama hapo, matawi matupu.

"Yaya Béné," Carine akasema taratibu, "nani aliwaambia ni leo? Jana usiku teluji ilianguka tena. Huku printemps ni jina tu. Padiri anasema makaburi itafunguliwa mwezi wa tano, kama Mungu anapenda."

Jamani. Watu arobaini uani, na hakuna aliyetazama simu tena. Wote walimtazama Bénédicte. Alikuwa amesimama na chaki zake zote za miaka kumi na moja. Alitamani udongo wa Saio, ambao haukuwa umeganda, umfungukie palepale.

Mama Anastasie hakupiga kelele. Alisimama, akatoa picha ya Ephraïm mezani, akaifuta kwa kiganja.

"Muwape watu chakula," alisema. "Wametoka mbali." Kisha, bila kumtazama binti yake: "Miaka yote hiyo ulikuwa unafundisha watoto wa watu uongo?"

"Ni kitabu, mama. Kitabu inasema..."

"Kitabu haikuniambia. Ni weye uliniambia."

Bénédicte alilia jikoni, kati ya masufuria, na wanawake wa kwaya wakamwacha alie. Alikuwa na haya, na chini ya haya kulikuwa na hasira: hasira kwa kitabu, kwa waliokiandika wakiwa kwenye vyumba vya moto, kwa Carine aliyesema neno moja la Kifaransa bila kulieleza, kwa Ephraïm aliyekwenda kufa mbali na udongo wa kawaida.

Siku ya Jumatatu Bénédicte akapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka Marabo kuongea na Katsuva. Alimkuta akipima misumari kwenye ghala lake. Alimweleza yote, mpaka theluji. Katsuva alisikiliza hadi mwisho, kofia mkononi.

"Madame, pole sana. Mimi pia nilizika mtoto," alisema. "Lakini mwezi wa tano maharagi ya watu inatoa maua. Mama yako akipanda mwezi wa tano atavuna nini? Na miye nitagawana nini naye, majani? Kuna mwanaume mumoja anakuja hapa kila siku. Nilimuambia angoje mpaka mwisho wa mwezi. Zaidi ya hapo siwezi."

"Tunaweza kuleta mutu mwingine alime, haiko wa familia."

"Mulete. Ni nani amekataa?"

Alipofika nyumbani na wazo hilo, Mama Anastasie alilikata katikati. Jembe la kukodisha ni jembe lake. Mbegu ni zake. Mkono wa mtu mwingine hauondoi kitu. Alikuwa amekonda. Unga ulikuwa umefika chini ya ndoo, na jioni ile watoto walikula viazi vitamu vya kuchemsha bila chochote.

Ndipo Baba Fabien akaja na neno ambalo Bénédicte alikuwa analiogopa tangu Jumamosi.

"Anastasie," alisema, "kuna mugomba."

Wa kwao wanajua. Mtu akizama ziwani asionekane, akipotea vitani asirudi, wanakata shina la mgomba, urefu wa mtu, wanalivika, wanalilaza kaburini, wanalizika kwa jina lake. Kilio kinafungwa. Lakini mtu hazikwi mara mbili. Akishazikwa kwa mgomba, hata maiti yenyewe ikipatikana kesho yake, familia haiifuati. Hawaitazami, hawailii, hawaendi kwenye kaburi lake. Atakayelia ataita kifo kingine ndani ya nyumba.

"Aka, mama," Bénédicte akasema. "Ephraïm hakupotea. Ephraïm iko na sanduku, iko na padiri, iko na tarehe."

"Tarehe?" mama yake akauliza.

Bénédicte akaziokota sahani za watoto.

"Miye nilitaka kumuona akiingia," Mama Anastasie akasema. Sasa alikuwa anaongea na ukuta zaidi kuliko nao. "Sikumushika mukono akifa. Sikumuosha. Nilisema, walau nitaona udongo ikimufunika, ata mu simu. Ndiyo nilikuwa nangoja. Sikuwa nangoja kingine." Akajipangusa pua na ncha ya kitenge. "Na hawa watoto watakula kungoja kwangu?"

"Nitatafuta, mama. Nitaomba mushahara ku école..."

"Uliomba mwezi wa pili. Walikupatia nini?"

Hakuna kitu walichompa, na wote watatu walijua. Watoto walikuwa wamelala nyuma ya pazia. Mwishowe Mama Anastasie akamwambia shemeji yake: "Fabien, utafute mugomba. Uwe murefu. Ephraïm alikuwa murefu kupita baba yake."

Katsuva hakutaka shina hilo lizikwe Marabo. Hapa kwetu kaburi ni hati ya shamba. Ukimruhusu mtu azike kwako leo, wajukuu zake watakushtaki kesho. Kwa hiyo shina lile lilizikwa kwenye makaburi ya mji, pembeni kabisa, Jumatano asubuhi. Mama Anastasie ndiye aliyelivika. Alilivalisha shati jeupe, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, akasimama akalitazama, akafungua hicho cha shingoni kwa sababu Ephraïm hakukipenda. Wanaume wawili walichimba shimo kwa dakika arobaini. Udongo ulikuwa laini kwa mvua, ulitoka kwa urahisi sana, na Bénédicte aliuchukia udongo huo.

Mama Anastasie alilia siku hiyo kama mtu anayemaliza kitu chote kilichomo ghalani. Alijitupa chini, akalikumbatia shina lenye shati, akaliita kwa majina ya utotoni, akaliuliza lilikuwa linatafuta nini kwenye nchi ya barafu. Baba Fabien alisoma sala kwa jina kamili la Ephraïm. Bénédicte alirusha udongo wake kama wengine. Maji ya mgomba yalikuwa yamepenya shati tumboni, doa la kahawia, na yeye hakuweza kuacha kulitazama doa hilo mpaka lilipofunikwa.

Alhamisi kabla ya jua, Mama Anastasie alikuwa njiani kwenda Marabo. Alilima siku sita mfululizo, akilala kwenye kibanda cha wafanyakazi wa Katsuva. Tarehe thelathini na moja alipanda mstari wa mwisho.

Bénédicte alimwandikia Carine ujumbe mrefu, akaufuta, akaandika mfupi: Siku ya mazishi ikifika uniambie. Juu ya mgomba hakusema kitu. Angemwambia nini mjane huyo, kwamba mume wake ameshazikwa Bunia akiwa na doa tumboni? Katikati ya mwezi wa nne alisahihisha mitihani ya darasa lake. Swali la sita: printemps inaanza tarehe gani kwenye nchi za hali ya hewa ya wastani? Watoto wote walikuwa wameandika le vingt et un mars, kwa mwandiko mzuri, kama alivyowafundisha. Aliwapa alama zote. Inspekta anataka hilo.

Mwezi wa tano, tarehe kumi na sita, saa kumi na moja jioni, walikuwa Marabo wanapalilia kwa mara ya mwisho. Maharagi yalikuwa yamechanua na mahindi yamefika kiunoni. Simu ikalia mfukoni mwa Bénédicte. Mtandao wa Marabo, ambao siku nyingine haufai hata kusalimiana, siku hiyo ulikuwa safi kama maji.

Carine alikuwa amesimama kwenye majani mabichi. Alivaa nguo nyeusi ya mikono mifupi. Nyuma yake watu kumi hivi, padiri mzee, na sanduku juu ya kamba. Miti ilikuwa na majani madogo madogo, ndiyo kwanza yanatoka.

"Yaya Béné, ni sasa," alisema, na machozi yalikuwa tayari yanateremka. "Wamekubali nisimamishe simu karibu. Umuite mama. Umuite mama aone mutoto wake, tafazali."

Bénédicte alitembea mpaka mwisho wa mstari, simu mbele yake. Mama Anastasie alikuwa ameinama, anang'oa magugu kwa mkono karibu na shina.

"Mama. Ni Carine."

"Anasema nini?"

"Wanazika."

Mama Anastasie hakunyanyuka. "Wanazika nani?"

"Mama..."

"Nimekuuliza. Wanazika nani?"

"Ephraïm, mama."

"Ephraïm nilimuzika mwezi wa tatu. Ulikuwa pale, ulirusha udongo." Aliongea kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuomba chumvi. Akang'oa gugu, akalipiga kwenye goti udongo utoke. "Umuambie huyo mwanamuke pole kwa musiba wake."

Kutoka kwenye simu Carine aliuliza: "Mama anasema nini? Sisikie vizuri. Yaya Béné, anasema nini?"

"Anasema pole," Bénédicte alijibu.

Carine akaiegesha simu juu ya kitu fulani, na Bénédicte akabaki nayo katikati ya maharagi. Desturi ilisema asitazame. Alitazama. Alimwona padiri anafungua kitabu, akaona kamba zinalegea, akaona sanduku la ndugu yake linashuka taratibu, na hakutoa chozi hata moja kwa kuwahofia watoto wake wawili waliobaki nyumbani. Alisimama wima, mikono mbele, kama mtu aliyekuja kwenye mazishi ya jirani asiyemjua vizuri. Walipoanza kutupa udongo, simu ikakatika yenyewe.

Aliirudisha mfukoni. Akashika jembe lake, akaenda kusimama kwenye mstari wake karibu na mama. Jua lilikuwa linateremka na walikuwa wamebakiza mistari mitatu.

"Béné," mama yake akasema, bado ameinama.

"Mama."

"Udongo yao ilikuwa namna gani?"

"Nyeusi, mama. Laini."

Mama Anastasie akaacha kung'oa. Mkono wake ulibaki hapo chini, umeshika shina la haragi pamoja na gugu, na hakuachia kimoja wala kingine.

"Laini," alisema. "Sasa ndiyo imekuwa laini."